Kuiharakisha Kompyuta Katika Joto la Unguja

Msafiri atokaye Mjini kwenda Jozani, mwendo wa kilomita 35 hivi, hukutana na matuta mara aingiapo katika kivuli cha msitu. Gari huenda polepole, abiria hutikisika, na mgeni hunung'unika. Matuta hayo hayakuwekwa kwa sababu ya ubovu wa barabara. Yaliwekwa kwa ajili ya kima punju, mnyama ambaye asili yake ni Unguja peke yake, na ambaye alikuwa akigongwa mara kwa mara na magari yaliyopita hapo kwa kasi. Gari lina uwezo wa kwenda mbio zaidi, na barabara inaruhusu. Aliyeweka matuta alikuwa akifikiria jambo ambalo dereva halioni.

Niliyakumbuka matuta hayo siku nilipoitwa kuzungumza na wanafunzi wa skuli moja ya kusini mwa Unguja, si mbali na msitu huo. Baada ya mazungumzo, kijana wa Kidato cha Tatu alinifuata.

"Shikamoo, Daktari. Nimesikia kompyuta inaweza kulazimishwa iende mbio kuliko ilivyotoka kiwandani, bila ya kununua kitu cho chote. Ni kweli?"

"Marahaba. Ni kweli."

Mwalimu wake wa fizikia alikuwa amesimama karibu, akadakia: "Basi kama ni bure, walioitengeneza walishindwa nini kufanya hivyo wao wenyewe?"

Swali la mwalimu ndilo gumu zaidi, na makala haya yanajaribu kulijibu. Halikuwa swali la mchezo pale skulini. Kompyuta ya mezani ambayo kijana aliitamani ni moja tu. Ndiyo inayochapa mitihani, na ndani yake zimo alama za wanafunzi wote wa skuli. Prosesa yake ni Intel Core i5-2500K, iliyoanza kuuzwa mwezi wa Januari 2011. Herufi hiyo K ya mwisho ina maana yake: ni alama ya mtengenezaji kwamba kasi ya prosesa imeachwa bila kufuli.

Kwanza yafaa tuelewe kasi yenyewe ni nini. Ndani ya kila kompyuta mna saa. Saa hii haionyeshi adhuhuri wala magharibi, bali hupiga mapigo, na kwa kila pigo prosesa hupiga hatua moja ya kazi. Chanzo cha mapigo ni kijiwe cha kwatzi, cha namna ile ile iliyomo katika saa ya mkononi. Katika prosesa tuliyoitaja, mapigo ya msingi ni megahezi 100, yaani mapigo milioni 100 kwa sekunde. Prosesa huyazidisha mapigo hayo kwa namba iitwayo kizidishi. Kizidishi kikiwa 33, kasi ni megahezi 3300, au gigahezi 3.3. Muda baina ya pigo na pigo ni mfupi hata mwanga wenyewe, uendao kilomita 300,000 kwa sekunde, hupata kwenda sentimita 9 tu.

Katika muda huo mfupi transista nyingi lazima zigeuke, moja ikiisubiri nyingine. Hebu tufikirie siku ya kumwaga zege la paa. Vijana hujipanga mstari kutoka penye mchanganyiko hadi juu, na karai hupokezwa mkono kwa mkono. Msimamizi huita "Haya!", na kila mmoja hutoa karai lake na kupokea jingine. Akiharakisha wito, zege hupanda upesi. Akizidi kuharakisha, hufika mahali ambapo kijana mmoja, pengine yule mnyonge kuliko wote, hajalishika karai sawasawa naye keshatakiwa kulitoa. Karai huanguka. Katika prosesa karai hilo ni tarakimu, 0 au 1, na likianguka hakuna anayesikia kishindo.

Msimamizi anaweza kuwapa vijana chakula cha nguvu zaidi ili mikono yao iwe myepesi. Kwa prosesa, chakula hicho ni volti. Volti ikiongezwa, transista hugeuka upesi zaidi. Lakini vijana hutokwa na jasho zaidi, na hapa ndipo hesabu inapoanza.

Walimu wa fizikia wanaifahamu kapasita na nishati inayohifadhiwa ndani yake, ambayo hutegemea mraba wa volti. Kila transista inapogeuka, ni kama kapasita ndogo sana inayojazwa na kumwagwa. Kwa hiyo joto linalotoka katika prosesa hulingana na kasi ikizidishwa kwa mraba wa volti. Tuchukue mfano. Kizidishi tukitoe 33 tukifikishe 40, na ili karai zisianguke tuipandishe volti kutoka 1.15 hadi 1.25. Kasi imeongezeka kwa asilimia 21. Mraba wa volti umeongezeka kwa asilimia 18. Zidisha 1.21 kwa 1.18, utapata 1.43. Tumepata kasi zaidi kwa asilimia 21, na tumeilipia kwa joto zaidi la asilimia 43. Prosesa iliyokadiriwa kutoa joto la wati 95 sasa inatoa wati 136, na zote zinatoka katika kipande cha silikoni chenye ukubwa wa ukucha.

Hesabu hii ndogo ndiyo iliyobadilisha historia ya kompyuta. Mwaka 1974 Robert Dennard na wenzake wa kampuni ya IBM walionyesha kwamba transista zikipunguzwa ukubwa, na volti ikapunguzwa kwa uwiano huo huo, kasi inaweza kupanda bila joto kuzidi. (Mwaka huo huo, nasema kwa kupitia tu, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, marufuku hayo yalikuja kuondolewa katika miaka ya 1990.) Kanuni ya Dennard iliwabeba watengenezaji kutoka megahezi 4.77 za kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 hadi gigahezi 1 mwaka 2000, na kupita hapo. Kisha volti ikagoma kushuka zaidi, kwani transista zilizidi kuvuja umeme hata zikiwa zimefungwa. Mwezi wa Oktoba 2004 kampuni ya Intel iliacha mpango wake wa kuuza Pentium 4 ya gigahezi 4. Tangu hapo njia kubwa ya maendeleo imekuwa kuweka bongo nyingi katika prosesa moja badala ya kuupigisha mbio ubongo mmoja.

Pamoja na hayo, kiwanda huacha akiba, na sababu yake watu wa Unguja na Pemba wataielewa upesi. Karafuu za shamba moja hazifanani. Hupangwa madaraja, na kila daraja lina bei yake. Prosesa nazo hukatwa kutoka katika sahani moja ya silikoni, hupimwa, na hupangwa madaraja kwa kasi zinayoimudu. Tena pengine wanunuzi wanataka sana daraja la chini kuliko la juu, na hapo bidhaa njema huuzwa kwa jina la bidhaa hafifu. Mwaka 1998 Intel ilitoa Celeron 300A, ya bei nafuu, yenye megahezi 300. Wanunuzi waligundua kwamba mapigo ya msingi yakitolewa 66 yakapelekwa 100, huku kizidishi kikibaki 4.5, nyingi katika hizo zilifanya kazi vizuri kwa megahezi 450. Habari hizo zilienea, na mchezo wa kuharakisha prosesa ukapata wafuasi wengi.

Akiba hiyo siku hizi imepungua sana. Prosesa nyingi za miaka ya karibuni hujipima zenyewe joto na umeme, kisha hujiharakisha kila zinapopata nafasi. Kiwanda kimeitumia ile akiba kabla ya mnunuzi kuifikia. Na prosesa nyingi za Intel zimefungwa kizidishi kabisa. Nayo bodi kuu lazima iwe ya aina inayoruhusu. Mwanafunzi asipoteze usiku kutafuta mlango usiokuwapo.

Ambaye kompyuta yake inaruhusu ataingia kwa mlango wa BIOS. Hiyo ni programu iliyohifadhiwa katika chipu ya bodi kuu, ambayo huamka kabla ya programu nyingine zote, huvikagua vyombo, na kuviamuru vianze kazi. Katika kompyuta za sasa mrithi wake ameshika nafasi, lakini watu wengi wameendelea kumwita kwa jina la zamani. Kompyuta ikiwashwa, bonyeza mara kwa mara kitufe cha Del au F2, kutegemea bodi, na kurasa za mipangilio zitatokea. Kazi ya kwanza hapo ni kuchukua daftari na kuandika kila namba kama ulivyoikuta. Nimewaona wanafunzi wa chuo kikuu wakiiruka hatua hii, na baadaye wakakesha wakikumbushana.

Kisha kizidishi huongezwa kwa hatua moja, si saba. Anayeanza asiiguse volti kabisa. Huhifadhi mpangilio, huwasha upya, na huipa prosesa kazi nzito huku akitazama kipimajoto kilichomo ndani yake. Programu ya Prime95, aliyoiandika George Woltman kwa ajili ya kutafuta namba tasa kubwa, inafaa sana, kwa sababu katika majaribio yake majibu sahihi yanajulikana tangu mwanzo. Prosesa ikikosea tarakimu moja inakamatwa. Jaribio la dakika kumi halitoshi. Liachwe saa nyingi. Likifaulu, hatua nyingine moja. Likishindwa, rudi hatua mbili nyuma na uridhike. Ikiwa kompyuta imekataa kuwaka kabisa, izime, ichomoe katika umeme, toa ile betri ndogo ya volti 3 iliyo juu ya bodi kwa dakika chache, na BIOS itayarudia maumbile yake ya kiwandani.

Maelezo ya namna hii yamo katika vitabu vingi. Lakini mengi yaliandikwa na watu wanaokaa katika vyumba vya nyuzi 20 za Sentigredi, na hapo msomaji wa Pete au Chwaka lazima afanye hesabu yake mwenyewe. Kipozajoto, yaani lile pande la chuma lenye mapezi na feni, hakiwezi kuipoza prosesa chini ya hewa inayokizunguka. Hukadiriwa kwa nyuzi zinazopanda kwa kila wati. Tuseme chetu ni nyuzi 0.4 kwa wati. Kwa wati 95 prosesa itakuwa juu ya hewa ya chumba kwa nyuzi 38. Kwa wati 136, nyuzi 54. Katika chumba cha nyuzi 20 hizo ni nyuzi 58 na 74, hapana hofu. Katika chumba cha nyuzi 32, kama kilivyo chumba chenye paa la bati wakati wa kaskazi, ni 70 na 86.

Sasa tuongeze vumbi. Mapezi yakiziba, na ile dawa ya kupitisha joto iliyo baina ya prosesa na chuma ikakauka, nyuzi 0.4 zaweza kuwa 0.55. Wati 95 sasa zinafikisha prosesa nyuzi 84: bado inavumilika. Wati 136 zinaifikisha nyuzi 107, ambazo haitazifika, kwani inapokaribia nyuzi 98 prosesa hii hujipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Ina matuta yake ndani. Mwenye kompyuta ataona namba kubwa kwenye BIOS na kazi inayokwenda polepole kuliko mwanzo.

Nilipomaliza hesabu hii ubaoni, kijana wetu alikuwa na jibu. "Tuweke barafu."

Si wazo la kijinga. Wanaoshindania rekodi za dunia hutumia vitu vya baridi kuliko barafu kwa mbali. Mwezi wa Desemba 2022 prosesa moja ilivushwa gigahezi 9 kwa kupozwa kwa heliamu iliyo kimiminika, ambayo huchemka kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri. Rekodi za namna hiyo ni za muda mfupi mno. Lakini tazama gilasi ya maji baridi juu ya meza hapa Unguja: baada ya dakika mbili inatoka jasho. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kudondosha maji juu ya kitu cho chote kilicho chini ya nyuzi 25 hivi. Huko kwenye baridi kavu mtu anaweza kuipoza bodi yake mpaka nyuzi 15 na isilowe. Jozani, penye maji ya ardhini yaliyo karibu na uso, penye mitondoo upande mmoja na mikandaa ya Ghuba ya Chwaka upande wa pili, bodi ya nyuzi 20 italowa. Na upepo utokao baharini umebeba chumvi. Maji yenye chumvi juu ya nyaya zilizo karibukaribu kama zile hupitisha umeme pasipotakiwa, na hula shaba.

Umeme wenyewe nao una habari yake. Unguja hupata umeme kutoka Bara kwa waya upitao chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Wakubwa wanakumbuka giza la takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na la miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Waya mpya wa megawati 100 ulianza kazi mwaka 2013 na hali ikawa bora, lakini prosesa iliyosukumwa hadi ukingoni haina uvumilivu wa umeme unaoyumba. Na mtu asithubutu kuibadilisha programu ya BIOS yenyewe bila ya kifaa cha kuhifadhi umeme: ukikatika katikati ya kazi hiyo, bodi yaweza isiamke tena.

Hata hivyo, kuungua si jambo ninaloliogopa zaidi. Prosesa za sasa hujilinda, na kikiungua kitu, moshi huonekana. Naogopa karai linaloanguka kimya.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari Ulaya, niliunda kompyuta ya mezani kwa vipande nilivyonunua kimoja kimoja, yenye prosesa ya aina ile ile ya skuli. Niliiharakisha wakati wa baridi kali, nikaijaribu kwa saa moja, ikafaulu, nami nikajiona fundi. Kazi yangu ilikuwa kukokotoa kupwa na kujaa kwa maji katika ghuba. Miezi ikapita, joto likaja, chumba changu cha ghorofa ya juu kikawa kama tanuri. Kompyuta haikukwama hata siku moja. Ila usiku mmoja nilirudia hesabu niliyokwisha kuifanya wiki iliyotangulia, nikapata kina cha maji kilichotofautiana katika tarakimu ya tatu. Nikairudia tena, nikapata jibu la tatu. Nililazimika kumwandikia msimamizi wangu kwamba majedwali ya wiki tatu, ambayo alikuwa ameanza kuyatumia, hayaaminiki na sijui ni lipi katika hayo lililo sahihi. Kuyafanya upya kulinichukua mpaka majani ya miti yalipoanza kupukutika.

Mwaka 2011 watafiti wa Microsoft walichapisha uchunguzi wa kompyuta zipatazo milioni 1 za watumiaji wa kawaida. Waliona kwamba zilizoharakishwa hukwama mara nyingi zaidi, na kwamba zilizopunguzwa mwendo kidogo chini ya kiwango cha kiwanda zilikuwa thabiti zaidi. Hao walihesabu kukwama. Hesabu potofu ambayo haikukwama haina wa kuitolea taarifa.

Nilimweleza mwalimu hayo, naye akaitazama ile kompyuta yenye alama za watoto 400 na zaidi, akasema, "Hii haiguswi." Nilikubaliana naye, lakini si kabisa. Tuliizima, tukaifungua, tukatoa vumbi la miaka kwa brashi ya rangi, tukafuta dawa kavu na kupaka mpya, na tukaihamisha kutoka dirisha la magharibi. Kisha katika BIOS tulifanya kinyume cha alichotaka kijana: tuliishusha volti kutoka 1.15 hadi 1.10, bila ya kugusa kizidishi. Kwa hesabu ile ile ya mraba, joto linapungua kwa asilimia 8 na nusu. Tuliiacha usiku kucha kwenye majaribio, na hakuna tarakimu iliyokosewa. Adhuhuri ya siku ya pili ilikuwa ikifanya kazi nzito pasipo kujipunguza mwendo, jambo ambalo, kwa kadiri mwalimu anavyokumbuka, ilikuwa imeacha kulifanya zamani.

Kijana hakuridhika, na sikutaka aridhike. Kompyuta yangu ya masomoni, ile iliyonidanganya, nilirudi nayo nyumbani na ilikuwa imekaa chini ya meza bila kazi. Nilimpa, kwa sharti kwamba isiwekwe kitu cho chote cha thamani ndani yake, na kwamba kila jaribio aandike saa, joto la chumba, kizidishi, na matokeo.

Safari iliyofuata alinionyesha daftari. Kizidishi 42, alfajiri, chumba nyuzi 25: imefaulu. Kizidishi 42, saa nane mchana, chumba nyuzi 33: imekosea baada ya dakika 19. Alikuwa amerudia siku nne, na siku zote nne safu hizo mbili zilisema mamoja. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mwalimu wake alikuwa ameandika: "Jaribu 41. Chora grafu."